Kukoroma si kichekesho, na kimeo hakina kosa

Jana nimegombana na shangazi yangu na sioni aibu kulisema hapa. Mtoto wa dada ana miaka sita. Usiku anakoroma kama daladala bovu linalopanda mlima, ghafla kimya, halafu anashtuka na kuvuta hewa kama mtu aliyeibuka majini. Darasani anasinzia, mwalimu anamwita mvivu. Dawa ya shangazi? Apelekwe kwa mzee mmoja wa mtaani akakatwe kimeo.

Kimeo jamani! Kile kinyama kinachoning'inia kooni kimemkosea nani? Kinakatwa uani, kwa kifaa ambacho hujui kimetoka kwenye koo la nani, ati kikohozi kitakwisha na kukoroma kutakwisha. Watoto wametokwa damu mpaka wakafa, wengine wamepata pepopunda. Nasi wenye digrii zetu tunanyamaza, kwa sababu "mbona sisi tulikatwa na tuko hai?" Wale ambao hawako hai mtawauliza wapi?

Mtoto anayekoroma namna ile, mara nyingi tatizo ni tonsesi, hayo mafindofindo, pamoja na nyama za nyuma ya pua. Zikiwa kubwa, akilala zinaziba njia ya hewa. Hizo ndizo hutolewa, hospitalini, kwa nusu kaputi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013 ulifuatilia watoto 464 wa miaka 5 hadi 9 waliokuwa wanakatikiwa pumzi usingizini. Baada ya miezi saba, asilimia 79 ya waliopasuliwa vipimo vyao vya usingizi vilikuwa vya kawaida. Waliosubiri tu, asilimia 46. Ndiyo, karibu nusu ya waliosubiri nao walipata nafuu, kwa hiyo msinilishe maneno, sijasema kila koo lipasuliwe. Nasema aonwe na daktari wa masikio, pua na koo, basi. Hilo nalo ni gumu?

Halafu kuna nyinyi mnaonicheka mimi. Nilitolewa tonsesi nikiwa chuo, kwa sababu ya koo lililokuwa linavimba kila baada ya wiki chache. Karibu wiki mbili kumeza mate ilikuwa kama kumeza chupa iliyovunjika, maumivu mpaka masikioni, naishi kwa uji uliopoa. Koo limepona kabisa, namshukuru Mungu. Kukoroma je? Nakoroma kama kawaida, muulizeni ninayekaa naye chumba kimoja. Kwa mtu mzima tonsesi mara nyingi si mhusika mkuu: kuna kitambi, kuna bia za usiku, kuna kulala chali ulimi ukaangukia nyuma. Kwa hiyo anayenishauri "rudi wakutoe tena" aniambie watoe nini, ulimi?

Nilimwambia shangazi: shikamoo, heshima yako ipo palepale, lakini kwa hili hapana. Akasema vijana wa magazeti tunajifanya tunajua kila kitu. Leo asubuhi dada kanipigia, miadi ya yule mzee ni Jumamosi. Mimi Ijumaa nakwenda kumchukua mtoto.