Mstari Mmoja wa Kipimo cha Mafua



Baada ya darsa ya akina mama wiki iliyopita, mzazi mmoja alitujia na swali. Mwanawe alishikwa na homa kali na kikohozi. Akapimwa influenza kwa kijiti cha puani, ukatoka mstari mmoja, akaambiwa hanayo. Siku ya pili mtoto akazidiwa. "Sheikh," akatuuliza, "kumbe kipimo nacho husema uwongo?" Tulimwahidi jibu, nasi twalitoa hapa kwa faida ya wote.

Mwenyezi Mungu ameujaalia mwili walinzi waitwao kingamwili. Kila namna yake humtambua adui wake mahsusi, kama ufunguo na kufuli lake. Mwaka 1975, huko Cambridge, Uingereza, Georges Köhler na César Milstein waliunganisha seli ya panya itoayo kingamwili na seli ya saratani isiyokoma kuzaana. Ikapatikana seli chotara itoayo kingamwili za namna moja tu, kwa wingi. Kwa kazi hiyo walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1984.

Virusi vya influenza vina protini mbili mashuhuri juu ya ganda lao: hemaglutinini na neuraminidesi. Ndizo hizo H na N tuzisikiazo katika jina H1N1. Hizo hubadilika mara kwa mara. Ndani imo nyingine, nukleoprotini, isiyobadilika sana, na vipimo vingi vya haraka huitafuta hiyo. Kingamwili zilizotiwa rangi huishika, zikasafiri nayo kwenye karatasi hadi zikanaswa na kingamwili nyingine zilizopangwa mstari. Rangi ikikusanyika pale, mstari huonekana. Mstari mwingine ni wa kuthibitisha tu kwamba kipimo kimefanya kazi. Kipimo cha haraka cha malaria, tukijuacho sote, hufuata njia iyo hiyo.

Basi, mama zetu, kipimo hakikusema uwongo. Hakikusema "hakuna", kilisema "sikuona". Protini zikiwa chache, kijiti kisipofika panapostahili, au siku za ugonjwa zikiwa zimepita nyingi, kingamwili hukosa cha kushika.

Kwa hivyo mstari mmoja si ruhusa ya kutulia. Mtoto akihema mbio, kifua kikibonyea ndani, akikataa kunyonya au akilegea, arejeshwe hospitalini saa iyo hiyo, hata iwe usiku. Wala tusikimbilie antibayotiki zilizobaki kabatini, kwani haziui virusi. Kutafuta tiba ni katika kutawakali, wala hakupingani nako.

Mzazi yule hakungoja jibu letu. Alikwisha kumrudisha mwanawe usiku ule ule, akalazwa. Alhamdulillahi, leo mtoto yu chuoni na wenzake.

Wabillahi tawfiq.