Ukitaka kuruka, agana na nyonga

Pamoja na kuenea kwa ndege ndogo zisizo na rubani, ambazo wengi sasa huziita droni, umezuka ustadi mmoja wa mikono unaostahili kuzungumzwa na walimu na watumishi wa umma. Ustadi wenyewe ni wa kutengeneza kiakisi cha antena. Mtu huchukua kipande cha boksi, akakikunja kwa kipimo, akakivika karatasi ya alumini ya jikoni, kisha akakipachika nyuma ya antena za rimoti yake. Shabaha yake ni moja: ndege iende mbali kuliko ilivyokuwa ikienda.

Juu ya jambo hili watu wamegawanyika makundi mawili. Wako wanaolidharau, wakisema kuwa boksi na karatasi ya jikoni ni michezo ya watoto isiyofaa kutajwa mbele ya mitambo ya kisasa. Wako pia wanaolishangilia, wakidhani kuwa umbali ni maendeleo, na kwamba anayekwenda mbali zaidi ndiye fundi zaidi. Makundi yote mawili yamekosea, na kosa la pili lina hatari kubwa kuliko la kwanza.

KURUNZI NA BAKULI LAKE

Tuanze na wanaodharau. Chukua kurunzi ya kawaida, ondoa kile kibakuli king'aacho kinachoizunguka balbu, kisha iwashe. Balbu ni ile ile na betri ni zile zile, lakini mwanga umetawanyika na hauvuki hata kizingiti. Rudisha kibakuli, nao mwanga unavuka uwanja. Hakuna nguvu mpya iliyoongezwa hapo. Kibakuli kimeukusanya mwanga uliokuwa ukipotea nyuma na pembeni, kikauelekeza mbele.

Mawimbi ya redio nayo ni ndugu wa mwanga, na hufuata kanuni hiyo hiyo. Antena ndogo ya rimoti hutawanya mawimbi pande zote kuizunguka, na sehemu kubwa ya mawimbi hayo humwendea mrushaji mwenyewe na watu walio nyuma yake, ambao hawana haja nayo. Kiakisi huyarudisha mbele. Tena, kinachosaidia kutuma husaidia pia kupokea. Kwa hiyo kipande kile kile cha boksi huimarisha amri inayokwenda na picha inayorudi, bila kuongeza hata gramu moja kwenye ndege iliyoko angani.

Wala kazi hii haifanywi kwa kubahatisha. Masafa yanayotumiwa sana na droni ndogo ni gigahezi 2.4, ambayo wimbi lake lina urefu wa sentimita 12 na nusu. Bati bapa likisimamishwa nyuma ya antena kwa robo ya urefu huo, yaani kama sentimita 3, wimbi linalogonga bati na kurudi hukutana na lile linalokwenda mbele, yakasaidiana. Bati hilo hilo likisogezwa nyuma hadi sentimita 6 na robo, mawimbi hayo mawili hupingana na kuuana. Tofauti ya kujenga na kubomoa ni sentimita 3 tu. Mwenye kuliita jambo hili mchezo wa watoto na atwambie ni watoto gani hao.

Historia nayo haiwaungi mkono wenye dharau. Mwaka 1888, katika mji wa Karlsruhe nchini Ujerumani, Heinrich Hertz alikunja bati la zinki lenye urefu wa mita 2 hivi katika umbo la parabola, akaonyesha kwamba mawimbi ya redio huakisiwa kama mwanga. Mwaka 1937 Mmarekani Grote Reber, kwa fedha zake mwenyewe, alijenga sinia la mabati lenye upana wa zaidi ya mita 9 nyuma ya nyumba yao katika mji wa Wheaton, jimbo la Illinois, akasikiliza mawimbi yatokayo anga za mbali. Na mwaka 2009, katika mji wa Jalalabad nchini Afghanistan, watu walianza kuunda viakisi kwa mbao, wavu wa waya na mabati yaliyopatikana pale pale, wakavitumia kueneza intaneti katika mji wao. Basi kilichoundwa kwa mikono si lazima kiwe hafifu. Kinakuwa hafifu pale tu muundaji asipojua sababu ya kila kipimo.

HESABU YA KURUDI

Sasa tuwageukie wanaoshangilia. Hawa wameielewa nusu ya somo na kuiacha nusu.

Kwanza, kiakisi hakitoi bure. Kilichopewa mbele kimenyang'anywa nyuma na pembeni. Mrushaji mwenye kiakisi hana budi kugeuka na ndege yake kama alizeti inavyogeuka na jua. Ndege ikimpita kwa juu na kuelekea mgongoni kwake, mawasiliano huwa mabaya kuliko yale ya antena tupu. Tena umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu ya wimbi linalofika hupungua mara nne. Maana yake ni kwamba kiakisi kinachoongeza nguvu ya upande wa mbele mara nne, na hicho ni kizuri sana, huongeza umbali mara mbili tu. Aidha, hakuna kiakisi kinachoona kupitia mlima, na miti yenye majani mabichi huyameza mawimbi hayo kwa wingi.

Pili, na hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu, redio si kitu pekee kinachoiweka ndege angani. Iko betri, na uko upepo. Tufanye hesabu ambayo mwalimu yeyote wa kidato cha pili anaweza kuiandika ubaoni. Droni ina betri ya dakika 25, na katika hewa tulivu huenda mita 10 kwa sekunde. Upepo unavuma mita 5 kwa sekunde kuelekea kule inakokwenda. Wakati wa kwenda, upepo unaisukuma, nayo inapata mita 15 kwa sekunde. Wakati wa kurudi upepo unaipinga, nayo inapata mita 5 tu.

Tuseme redio yake ya kawaida hukatika kwenye mita 4,500. Ndege itafika hapo kwa dakika 5 na kurudi kwa dakika 15. Jumla ni dakika 20, na akiba ya dakika 5 ingalipo. Sasa mwenye ndege amepachika kiakisi, na redio inafika mita 9,000. Ndege itakwenda kwa dakika 10, huku picha ikiwa safi na mrushaji akifurahi. Lakini kurudi kunahitaji dakika 30. Jumla ni dakika 40, na betri ni ya dakika 25. Ndege hiyo haitarudi. Itaanguka njiani, na haitachagua pa kuangukia: ziwani, shambani, juu ya paa la zahanati, au juu ya mtoto anayetoka shule.

Yafaa tutafakari ni kitu gani kilichoilinda ndege ile hapo kwanza. Droni nyingi za leo zimeundwa ili mawasiliano yakikatika zigeuke zenyewe na kurudi zilikoanzia. Katika mfano wetu, udhaifu wa redio uliigeuza ndege ingali na betri ya kutosha. Kumbe udhaifu ule ulikuwa ukuta. Hakuna aliyeujenga kwa kusudi hilo, lakini ulikuwa ukilinda. Kiakisi kimeubomoa ukuta huo, na aliyeubomoa hakuweka mwingine mahali pake. Ni kweli kwamba ziko ndege zinazomwonya mrushaji betri inapopungua, lakini onyo halina betri ya akiba ndani yake. Wahenga walisema kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Tatu, liko jicho. Tarehe 21 Septemba 2017, karibu na Staten Island mjini New York, droni ndogo iligongana na helikopta ya jeshi la Marekani ikiwa chini, kwenye kimo cha futi 300 hivi. Wachunguzi walieleza baadaye kwamba mrushaji alikuwa ameipeleka ndege yake umbali wa kilomita 4 hivi, mahali ambapo hakuweza kuiona, na kwamba hakujua hata kama ajali imetokea. Helikopta ilitua salama, bapa lake likiwa limeumia. Funzo lake li wazi. Redio ilifika, jicho halikufika, na picha iliyomo katika kioo cha mkononi haimwonyeshi mrushaji kinachokuja kutoka ubavuni.

KIBALI NA MATUMIZI

Watakuwapo watakaosema kwamba maneno haya yanaua ubunifu, na kwamba nchi yenye visiwa na vijiji vya mbali inahitaji ndege za masafa marefu. Haja hiyo ni ya kweli, wala hatuikani. Mwaka 2018 ilifanywa majaribio ya kupeleka dawa kwa droni kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, mwendo wa kilomita 60, kwa muda wa dakika 40 hivi. Nchini Rwanda, tangu mwaka 2016, droni zimekuwa zikipeleka damu katika hospitali. Lakini kazi hizo hazikufanikiwa kwa kurefusha redio peke yake. Njia ilipangwa kabla ya safari, betri ilihesabiwa, na wenye mamlaka ya anga walijua nini kinaruka, wapi na saa ngapi. Umbali ulikuwa tunda la maandalizi hayo.

Tanzania ilitunga kanuni zake za droni mwaka 2018, na kwa kanuni hizo Mamlaka ya Usafiri wa Anga ndiyo inayotoa kibali. Hata mawimbi yenyewe yana sheria. Katika Umoja wa Ulaya, kikomo cha nguvu kwa mitambo ya namna hii katika masafa ya gigahezi 2.4 ni miliwati 100, na kipimo hicho hutazama nguvu inayotoka kuelekea upande mmoja. Kwa hiyo mtambo uliotoka kiwandani ukiwa halali waweza kuivunja sheria kwa kupachikwa kipande cha boksi tu. Kutokujua hakumwondolei mtu lawama, sembuse mtumishi aliyetia sahihi kukipokea chombo hicho kwa niaba ya umma.

Je, tuvitupe viakisi? La hasha. Kiakisi kina kazi mbili zilizo njema. Ya kwanza ni kuimarisha mawasiliano ndani ya umbali ulioruhusiwa na unaoonekana kwa macho. Mjini, ambako intaneti za majumbani hutumia masafa hayo hayo na kusongamana, ndege iliyo mita 300 tu yaweza kupoteza amri. Hapo kiakisi huikinga rimoti na kelele za nyuma, na kuyapa nguvu mawimbi ya mbele. Huko ndiko kuongeza usalama, ilhali kurefusha safari ni kuupunguza.

Kazi ya pili ni ya darasani. Somo la mwanga, la mawimbi, la parabola na la mwendo yote yamo katika kipande kimoja cha boksi, na gharama yake haizidi ile ya karatasi ya alumini. Wala droni haihitajiki. Redio ndogo au kisambazi cha intaneti cha shule kinatosha kupima tofauti. Mwanafunzi aliyepima sentimita 3 na sentimita 6 kwa mkono wake mwenyewe hatasahau maana ya wimbi. Na mwalimu asiishie hapo. Siku hiyo hiyo aandike ubaoni hesabu ya upepo na betri, ili kijana ajue kwamba ufundi wa kwenda na ufundi wa kurudi ni somo moja.

Kwa upande wa ofisi zetu, zikiwamo za ardhi, kilimo, misitu na afya, ambazo zinazidi kuhitaji vyombo hivi, swali la kwanza litakaloulizwa siku ya kununua au siku ya kuruka lisiwe la umbali. Mkuu wa kazi aulize: Nani anaiona? Upepo unatoka wapi? Itarudi kwa dakika ngapi, na kibali chake kiko wapi? Akipata majibu manne yaliyonyooka, ndege na iruke, iwe na kiakisi au isiwe nacho. Asipoyapata, ibaki chini siku hiyo, hata kama redio yake inafika upande wa pili wa ziwa.