Mnyonge Naye Ana Haki

Wahenga walinena kuwa mnyonge hana haki. Kwa heshima zote, mimi nawapinga.

Mwaka jana kakangu alinunua kamera mpya mjini Migori. Kazi yake ni kupiga picha za harusi na matanga huko Homa Bay, na karo yangu hutoka papo hapo. Wiki ya tatu, katikati ya harusi, lenzi ilikwama. Haitoki, hairudi! Bwana arusi akadai pesa zake, na kaka akamrudishia zote.

Tulipanda matatu hadi Rongo, tukashika nyingine hadi Migori. Mwenye duka alituonyesha maandishi chini ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. "Kijana, si mimi niliyeitengeneza. Wapelekee wenyewe Nairobi." Tukaituma kwa basi. Baada ya mwezi mzima, wakala wa kiwanda akajibu ati imeingia mchanga, kwa hivyo dhamana haifanyi kazi. Loo! Mchanga wa wapi?

"Achana nao, hao ni wakubwa," kaka akasema. Hapo ndipo wengi wetu hukosea. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa yenye ubora unaofaa, na kufidiwa akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Nayo Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka wa 2012 inamhesabu muuzaji kuwa ameahidi ubora huo. Maandishi ya risiti hayawezi kuifuta ahadi hiyo. Kwa hivyo hata yule mwenye duka hakuwa na ruhusa ya kunawa mikono.

Niliandika barua kwa wakala, na nakala kwa kiwanda chenyewe ng'ambo. Niliweka tarehe ya kununua, nambari ya kamera, nakala ya risiti na ya kadi ya dhamana. Nikawaomba jambo moja tu: watuonyeshe huo mchanga. Baada ya wiki tatu ikaja kamera mpya. Radhi hawakuomba.

Lakini je, tulishinda? Harusi za Desemba zilikuwa zimeshapita, nami shule zilipofunguliwa nilikaa nyumbani majuma mawili kwa kukosa karo. Haki ilikuja, ila ilichelewa. Ndiyo maana nawauliza wenye viwanda: ikiwa kamera yaweza kufika Migori kuuzwa, mbona isitengenezewe hata Kisumu? Mbona safari, nauli na hasara ziwe za mnunuzi peke yake?

Wanafunzi wenzangu, tusiwasubiri. Mzazi akinunua redio, simu au hata pasi, chukua risiti uiweke vizuri. Kikiharibika, usinung'unike jikoni. Shika kalamu uandike. Insha tunazofundishwa si za mtihani tu. Mali bila daftari hupotea bila habari.