Ukihamia Kwenye Miti, Nani Atapeleka Habari Zako?



Kuna swali ambalo vijana wetu wananiletea kila mara wanapohamishiwa Nairobi kikazi. Linakuja hivi: "Pasta, niko peke yangu, sina mume wala mtoto. Nimepata mshahara mzuri kidogo. Nataka mtaa uliotulia, wenye miti, nilale usingizi. Je, hiyo ni tamaa ya macho?"

Hapana. Kutaka kulala si dhambi. Yule aliyewahi kupanga Pipeline, ambako magorofa yamekaribiana hata unasikia redio ya jirani ikitangaza habari na unajua ugali wake umeiva, anajua ninachosema. Mtu anarudi kazini saa mbili usiku, anataka kufungua Biblia yake, na chini kuna baa, juu kuna watoto wanakimbia. Bwana Yesu mwenyewe, soma Marko 1, aliamka kungali giza akaenda mahali pasipo watu ili aombe. Ukitafuta mahali pa namna hiyo, sitakukemea. (Na tuseme ukweli, nyinyi mnaoishi karibu na makanisa yenye spika nje ya mlango, mna haki ya kunung'unika. Kanuni za kelele za mwaka 2009 hazikuandikwa kwa ajili ya baa peke yake.)

Lakini kabla ya kuongea na wewe unayehama, niongee kwanza na wapendwa wanaobaki. Dada akihamia Kileleshwa, wiki hiyo hiyo kuna mtu ataanza: "Nani anamlipia?" Kaka akihamia Lavington bila mke, ataambiwa ana kiburi, au anaficha kitu. Jamani! Mtu amesoma, ameajiriwa, analipa kodi yake na fungu la kumi, na bado tunamtaka athibitishe kwamba hana mtu wa kumweka. Kama angekuwa ameolewa, tungeimba na kumpelekea vyombo. Acheni hiyo tabia. Dada asiye na mume hahitaji ruhusa ya kamati kuishi mahali penye usalama. Tena yeye ana sababu zaidi ya wengine ya kuangalia taa za barabarani na umbali wa kutembea kutoka steji, maana saa tatu usiku hana wa kumpokea.

Sasa nikugeukie wewe.

Jambo la kwanza, usichukulie miti kama ushuhuda. Nimesikia watu wakisema "Bwana amenitoa Eastlands" kana kwamba Mungu ana upande mmoja wa mji. Ile miti ya upande wa magharibi haikuota kwa bahati. Huko ardhi imeinuka na udongo ni mwekundu, mzuri. Mashariki ni tambarare ya udongo mweusi unaonasa viatu mvua ikinyesha. Wakoloni walijitengea Muthaiga, Karen, Kileleshwa na Lavington, Wahindi wakawekwa Parklands na Ngara, na Mwafrika akasukumwa Pumwani na mashariki yake, tena akiwa na kipande shingoni. Hata Karura, ambao unawapa watu wa Muthaiga na Gigiri hewa safi, ungekuwa mijengo leo kama Wangari Maathai na wenzake hawangekwenda pale mwaka 1999 kupanda miche na kupigwa hadi damu ikatoka. Kwa hiyo ukipata chumba chini ya mjakaranda, shukuru, lakini usimdharau ndugu yako wa Kayole. Hajalaaniwa.

Jambo la pili ndilo linalonisumbua zaidi, na ndiyo sababu ya kuandika leo.

Tunapohubiri Mwanzo 13 huwa tunamsema sana Lutu. Aliinua macho, akaona bonde la Yordani limejaa maji, akachagua. Mimi sioni kosa kwa mfugaji kutaka majani mabichi. Shida ni kwamba aliuliza habari za nyasi bila kuuliza habari za majirani. Na ukiendelea sura ya 14, wafalme wanakuja, Lutu anabebwa mateka pamoja na mali yake. Aliokolewaje? Abramu alitoka na watu 318 waliozaliwa nyumbani mwake. Lakini Abramu alijuaje? Kuna mtu mmoja, hata jina hatupewi, aliyeponyoka akaenda kumpasha habari. Bila huyo, wale 318 wangekuwa wamelala hemani kwao, na Lutu amepotea.

Hilo ndilo swali langu kwako kabla hujatia sahihi mkataba wa nyumba. Ukipatwa na jambo Jumanne, nani atapeleka habari?

Huko Umoja, usipoonekana siku mbili, mama mboga atauliza. Mtoto wa jirani atagonga akitaka chaja. Keroro zote zile zilizokuchosha ndizo macho yaliyokuwa yanakuangalia. Kwenye mitaa ya miti, ukuta ni mrefu, juu yake kuna waya wa stima, na jirani unamjua kwa rangi ya gari lake. Unaweza kuugua hapo siku nne na geti likaendelea kufunguka na kufungwa vizuri tu.

Kuna dada wa kanisa letu aliyepanga SQ, zile nyumba ndogo za nyuma, kwenye ploti kubwa yenye mivule ya kupendeza. Mwenye nyumba alikuwa nje ya nchi. Homa ikamshika, simu ikazima, hana nguvu ya kuinuka kuichomeka. Kazini walidhani yuko likizo. Aliyebisha hodi ni soja wa getini, mzee wa makamo ambaye dada huyu alikuwa akimpitishia chai kila asubuhi. Yeye ndiye aliyesema, "Huyu mtoto hajapita jana wala leo." Akapiga simu. Madaktari walisema ni malaria kali. Dada yuko mzima, na huwa anaketi safu ya tatu. Msalimie soja wako, mpendwa. Mjue jina, naye ajue lako.

Wengine watasema basi asiye na ndoa abaki kwenye kelele mpaka aolewe. Sikubaliani. Soma 2 Wafalme 4. Nabii Elisha, ambaye Biblia haimtaji mke, alijengewa chumba juu ya nyumba kule Shunemu: kitanda, meza, kiti na kinara cha taa. Ukiuliza mimi, hiyo ndiyo bedsita ya kwanza katika Maandiko! Kimetulia, kina mlango wake. Lakini kiko juu ya nyumba ya watu. Mwenye nyumba anajua ameingia saa ngapi. Na mama yule alipoulizwa kama anataka asemewe kwa mfalme, jibu lake lilikuwa kwamba anakaa katikati ya watu wake. Utulivu wa Elisha ulikuwa na ngazi ya kushukia kwa watu.

Kwa hiyo tafuta chumba cha Shunemu. Mara nyingi hakiko mahali ghali kuliko pote. Runda, Kitisuru na sehemu kubwa ya Karen ni mitaa ya watu wenye magari. Bila gari utatembea kilomita ukiwa umeshika mkoba, au mshahara uishie kwa teksi. Kileleshwa ya zamani yenye nyumba moja moja inaondoka, na ploti yenye miti unayoionea dirishani leo inaweza kuwa mjengo wa gorofa kumi na tano mwakani, nondo zikigongwa tangu saa moja. Kilimani kuna barabara zilizotulia mchana ambazo Ijumaa usiku hutazitambua. Mimi nikishauriwa kwa mtu wa kipato cha kati, nasema angalia vile viwanja vidogo vyenye geti moja kule Langata, Otiende na Onyonka, au South C. Miti ipo, watoto wanaendesha baiskeli, na mtu akifiwa watu wanakutana. Kama unachotaka hasa ni majani, Karura na Arboretum ziko pale pale. Unaweza kuishi South B na Jumamosi ukaenda kutembea na Mungu huko.

Nenda ukaone nyumba mara tatu, pamoja na Ijumaa usiku. Usimpe ajenti dipoziti kwa sababu ya picha. Uliza majirani habari za maji kabla ya kumuuliza mwenye nyumba. Kisha mpe mtu mmoja ufunguo wa pili, mtu ambaye atakasirika usipopokea simu.

Na sisi kanisa? Vikundi vyetu vya nyumbani vimejaa kule ambako milango iko wazi. Wazee wetu wanaogopa kuandika jina getini na kuacha kitambulisho. Hilo tutalirekebisha. Wewe uliyehamia Lavington, Loresho, Spring Valley au Karen na unaishi peke yako, nitumie ujumbe faraghani: mtaa, steji unayoshukia, na jina la soja wako. Alhamisi ijayo tunaanza kuzunguka mimi na mama mchungaji, na kitambulisho tutaacha.