Maoni: Kindu, mtoto mwenye homa apimwe kabla ya kuuziwa dawa

Katika komini ya Alunguli, ng'ambo ya mto, mama akigusa paji la uso la mtoto wake saa tatu za usiku na kukuta linachoma, ana njia mbili. Anaweza kumbeba mgongoni hadi kituo cha afya na kumwamsha muganga wa zamu, na hali ikizidi kuwa mbaya atafute mtumbwi wa kuvuka Lualaba gizani kwenda upande wa Kasuku. Au anaweza kumtuma mtoto wake mkubwa kwenye farmasi ya jirani na noti chache za franka mkononi. Wengi wanachagua njia ya pili, na si haki kuwalaumu.

Farmasi haidai pesa ya fishi. Haimweki mtu kwenye benchi, wala haimkemei mama kwa nini amechelewa. Inauza nusu ya plaketi kwa asiyeweza kununua plaketi nzima. Shida yake ni kwamba haimwoni mgonjwa. Anayesimama dirishani ni kaka mtu, pengine wa miaka kumi. Anasema "homa", na muuzaji anasikia "malaria". Anampa parasetamoli, matone ya kinini, na mara nyingine antibiotiki ya kusindikiza. Asubuhi joto limeshuka na nyumba nzima inapumua. Lakini parasetamoli inashusha joto tu, haiui mdudu wa malaria, na malaria kali inaweza kumuua mtoto mdogo ndani ya saa 24.

Ni kweli kwamba mara nyingi muuzaji hakosei. Kongo ni ya pili duniani kwa wingi wa wagonjwa wa malaria, nyuma ya Nigeria, na Maniema ni jimbo la mto, msitu na mvua. Ila nimonia nayo inaanza na homa. Surua pia, na sikio linalooza ndani, na maambukizi ya mkojo ambayo mtoto wa mwaka mmoja hawezi kuyaeleza. Mwishoni mwa 2024, watu wa Panzi, huko Kwango, walikufa kwa homa na kikohozi, wengi wao watoto, na dunia nzima ikazungumzia ugonjwa usiojulikana. Vipimo vilipofika, ilionekana ni malaria kali iliyochanganyika na magonjwa ya kupumua katika miili iliyodhoofishwa na utapiamlo. Kama wataalamu walihitaji maabara ili kutenganisha mambo hayo, muuzaji wa farmasi ya Mikelenge atayatenganishaje kwa kusikia neno moja kutoka kwa mtoto wa miaka kumi?

Kipimo cha haraka, kile waganga wanachokiita TDR, kinataka tone moja la damu ya kidole na kama robo saa ya kusubiri. Hakihitaji umeme wala hadubini. Na hapa kuna jambo la ajabu kidogo. Katika vijiji vilivyo mbali na vituo vya afya, Kongo imeweka sehemu za matibabu zinazoshikwa na relé komunotere, raia wa kijiji aliyefundishwa kupima malaria, kuhesabu pumzi za mtoto na kutoa dawa ya kwanza. Mpango huo haukutengenezwa kwa ajili ya mji, kwa sababu mjini vituo vipo. Matokeo yake ni kwamba mtoto wa kijijini mwenye relé aliye na vifaa anaweza kupimwa mlangoni kwake, wakati mtoto wa Kindu, anayeishi hatua chache kutoka farmasi tatu, anapewa dawa kwa kukisia.

Watetezi wa utaratibu uliopo watasema: kipimo na dawa ya malaria kwa mtoto wa chini ya miaka 5 ni vya bure katika vituo vya serikali, basi mama aende kituoni. Kwa kanuni ni hivyo. Lakini bure hiyo haihesabu fishi, wala pikipiki, wala siku ya soko inayopotea. Tena inategemea dawa kuwepo. Stoki ikiisha, mama anarudishwa na ordonansi mkononi, na ordonansi hiyo anaipeleka wapi? Farmasini, kule kule ambako angeanzia. Akirudishwa hivyo mara mbili, mara ya tatu hatasumbuka tena na kituo.

Kinini nacho kinastahili maneno machache, kwa kuwa bado kinapendwa mno. Mwaka 2010 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa juu ya watoto 5.425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Kongo ikiwemo. Kati ya waliochomwa artesunate walikufa asilimia 8,5. Kati ya waliopewa kinini, asilimia 10,9. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani liliweka artesunate mbele ya kinini kwa watoto wenye malaria kali. Zaidi ya hapo, sindano ya kinini inayochomwa vibaya kwenye tako inaweza kuharibu mshipa wa fahamu na kumwacha mtoto akichechemea maisha yake yote. Hata hivyo wapo wazazi wanaoona kwamba bila sindano na seromu mtoto hajatibiwa, na wapo watu wa kuwauzia imani hiyo.

Wako madaktari wanaotaka farmasi zisizo na kibali zifungwe zote. Hasira yao inaeleweka. Lakini zikifungwa Jumatatu, mama wa Alunguli atafanya nini Jumanne usiku? Uganda ilijaribu njia nyingine. Katika wilaya ya Mukono, wauzaji wa maduka ya dawa yaliyosajiliwa walifundishwa kutumia kipimo cha haraka, na utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa zaidi ya theluthi mbili ya wagonjwa wao walipata dawa inayostahili. Kwenye maduka yasiyopewa vipimo, ilikuwa karibu theluthi moja tu. Mukono si Kindu, bila shaka. Huko barabara ni nzuri zaidi na dawa zinafika kwa urahisi. Ila muuzaji ni yuleyule: mtu mwenye duka, anayejulikana mtaani, anayefungua usiku. Divisheni ya afya ya jimbo ingeweza kuanza na farmasi chache zenye kibali katika kila komini, iwape vipimo na dawa mseto kwa bei iliyoandikwa ukutani, na iwakague. Atakayeuza bila kupima anyang'anywe kibali.

Nyumbani, mzazi ana kazi yake pia. Nguo nzito zivuliwe. Mtoto aendelee kunyonya na kunywa. Parasetamoli inapimwa kwa uzito: kwa mtoto wa kilo 10, robo ya kidonge cha miligramu 500 inatosha, na isirudiwe zaidi ya mara 4 kwa siku. Aspirini hapewi. Maji baridi na pombe mwilini havifai, na majani yanayoingizwa kwa njia ya haja kubwa yanamwongezea hatari mtoto ambaye tayari anapoteza maji.

Na kabla hata vipimo havijafika, kuna hatua ambayo gharama yake ni karatasi na gundi. Kila farmasi ya Kindu ibandike dirishani, kwa Kiswahili, alama za mtoto ambaye hauziwi dawa: mwenye homa na umri chini ya miezi 2, asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyeshikwa na degedege, ule ugonjwa ambao wengine bado wanauita wa ndege na kuupeleka kwa mganga wa kienyeji, anayelala bila kuamka, anayepumua kwa haraka huku mbavu zikiingia ndani, mwenye viganja vyeupe kwa kukosa damu. Muuzaji amuulize kaka mtu maswali hayo saba. Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja, amrudishie noti zake na amwambie akimbie nyumbani kumwita mama, mtoto apelekwe hospitali usiku huo huo.