Mtoto Afunzwe Lugha ya Kigeni Bila Kunyang'anywa Yake

Wahenga walinena kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Methali hii ndiyo ngao ya wazazi wengi siku hizi wanapowapeleka watoto wao, hata kabla hawajatimiza miaka minne, katika shule za chekechea zinazojigamba kwamba humo hakusemwi ila Kiingereza. Wengine huenda mbali zaidi. Hupiga marufuku Kikamba, Kiluhya na hata Kiswahili nyumbani, na yaya naye huamriwa amsemeshe mtoto kwa Kiingereza ambacho yeye mwenyewe anakibabaisha.

Sina ugomvi na nia ya wazazi hao. Kiingereza ni lugha rasmi nchini mwetu pamoja na Kiswahili, nacho ndicho kinachotumika kufundishia masomo mengi. Tena kuna shule zinazofundisha Kifaransa, Kijerumani, Kiarabu na Kichina, na kila mojawapo ya lugha hizo yaweza kumfungulia kijana mlango wa riziki. Ninachokipinga ni imani kwamba ili lugha ya kigeni iingie kichwani mwa mtoto, ni sharti ile ya kwao itolewe kwanza. Imani hiyo haina msingi, na madhara yake tunayaona madarasani kila uchao.

Hebu kwanza tulitazame suala la umri, kwa maana ndilo hutajwa mno. Ni kweli kwamba mtoto mdogo ana sikio jepesi na ulimi mwororo. Mwalimu wa madrasa katika pwani yetu anajua kwamba mwanafunzi aliyeanza kusoma Kurani akiwa na miaka mitano hutamka herufi za Kiarabu kwa namna ambayo mtu mzima huipata kwa taabu. Lakini mwalimu huyo huyo anajua pia kwamba usomaji ule, ambao ni ibada na una lengo lake, haumfanyi mtoto aweze kuzungumza Kiarabu. Kuzungumza kuna mafunzo yake. Kwa hivyo, kuanza mapema ni jambo moja, na kuimudu lugha ni jingine.

Wataalamu nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka wa 1978, Catherine Snow na mwenzake, Marian Hoefnagel-Höhle, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya wasemaji wa Kiingereza waliokuwa wakijifunza Kiholanzi nchini Uholanzi. Katika mwaka ule wa kwanza, watoto wa miaka mitatu hadi mitano ndio waliobaki nyuma katika majaribio, ilhali wale wa miaka 12 hadi 15 walisonga mbele kwa kasi. Uchunguzi mwingine uliochapishwa mwaka wa 2018, na uliowahusisha watu wapatao 670,000, ulikadiria kwamba uwezo wa kujifunza sarufi ya lugha mpya hudumu hadi karibu miaka 17, ingawa anayetaka kuifikia sarufi ya mzawa wa lugha hiyo ni heri aanze kabla ya miaka 10 au 12.

Mafunzo ya tafiti hizi mbili hayagongani. Mtoto mdogo hashindi kwa kasi, bali kwa wingi wa miaka aliyo nayo mbele yake na kwa wingi wa watu wanaomsemesha. Akikosa watu hao, kule kuanza mapema hakumfaidi sana. Mzazi wa mtoto wa miaka mitatu hana haja ya kuingiwa na hofu kwamba mlango unafungwa kesho.

Nimesema watu, wala sikusema vyombo. Mwaka wa 2003, Patricia Kuhl na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti juu ya watoto wachanga wa miezi tisa waliosikilizishwa Kichina katika vikao 12. Kundi moja lilichezeshwa na kusomewa vitabu na wasemaji wa Kichina, ana kwa ana. Makundi mengine yalipewa maneno yale yale kwa televisheni au kwa kanda za sauti. Waliokaa na watu walijifunza kupambanua sauti za lugha hiyo. Waliowekewa televisheni na kanda hawakuonyesha faida yoyote. Mzazi anayemkabidhi mwanawe simu ya mkononi ili ajifunze Kiingereza kwa vibonzo na aliwaze jambo hilo.

Wala hatuhitaji kwenda Marekani kutafuta ushahidi. Mtu akifika mjini Isiolo atawakuta watoto wanaosema Kiborana nyumbani, Kisomali dukani, Kimeru sokoni na Kiswahili wachezapo na wenzao wote. Hakuna aliyewalipia karo ya lugha hizo. Wamezipata kwa sababu kila moja ina watu wake, ina mahali pake, na ina shughuli inayofanywa kwayo. Hakuna lugha iliyowaambia kwamba nyingine ife ndipo yenyewe iishi.

Historia yetu ya elimu, kwa bahati mbaya, imeyumbayumba kuhusu suala hili. Mpango wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza ulianza Nairobi mwaka wa 1957, na Tume ya Ominde ikauunga mkono mwaka wa 1964. Ripoti ya Gachathi ya mwaka wa 1976 ilipendekeza kwamba madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya eneo ilipo shule, na palipo na mchanganyiko wa makabila patumike Kiswahili. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, umelishikilia wazo hilo hilo. Kwenye karatasi, basi, tuna sera nzuri. Aghalabu darasani, hasa mijini na katika shule za kibinafsi, sera hiyo haionekani.

Wapo watakaosema kwamba mtoto akifundishwa kwa lugha yake atabaki nyuma katika Kiingereza. Jibu lilipatikana zamani nchini Nigeria. Kuanzia mwaka wa 1970, Profesa Babatunde Fafunwa na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ife walisimamia mpango ambao watoto walifundishwa kwa Kiyoruba kwa miaka yote sita ya shule ya msingi, huku Kiingereza kikifundishwa kama somo na mwalimu aliyekibobea. Watoto hao hawakushindwa na wenzao waliohamishiwa Kiingereza baada ya miaka mitatu, hata katika mtihani wa Kiingereza chenyewe. Sababu yake si muujiza. Mtoto anayejua kuhesabu, kulinganisha na kusimulia kwa lugha yake hahitaji kujifunza mambo hayo upya. Anachohitaji ni majina mapya ya mambo anayoyajua. Lakini yule asiyeelewa somo wala lugha ya somo amebebeshwa mizigo miwili kwa wakati mmoja.

Kuna pia ukatili ambao sharti ukome. Wengi wa waliosoma katika shule zetu wanakikumbuka kile kibao kilichovishwa shingoni mwa mwanafunzi aliyenaswa akisema lugha ya kwao, akakibeba hadi amnase mwenziwe. Kibao hicho hakikumfunza mtoto Kiingereza. Kilimfunza kunyamaza, na kuwachongea rafiki zake. Lugha hustawi kwa kusemwa, na mtoto anayeogopa kukosea hatasema.

Nifanyeje basi, atauliza mwalimu. Kwanza, masikio na yatangulie macho. Mtoto asikie lugha ngeni katika nyimbo, vitendawili, michezo na hadithi kwa muda wa kutosha kabla ya kutakiwa kuiandika. Pili, hadithi na iwe ile anayoijua. Kisa cha Sungura na Fisi alichosimuliwa na bibi yake kikisimuliwa kwa Kiingereza au Kifaransa, atakifuata hata kabla hajayajua maneno yote. Tatu, akikosea asichekwe. Mwalimu na aitamke sentensi hiyo kwa usahihi, kisha mazungumzo yaendelee. Nne, dakika chache za kila siku zina faida kuliko somo refu la mara moja kwa wiki. Tano, anayefundisha lugha na awe anaimudu. Mtoto huiga anachokisikia, liwe sahihi au kosa, na kosa lililozoewa utotoni ni gumu kung'oa.

Kwa mzazi nina ombi moja tu: zungumza na mwanao kwa lugha unayoijua vyema. Mzazi anayemsemesha mwanawe kwa lugha asiyoimudu humpunja mara mbili. Humnyima utamu wa lugha ya nyumbani, na humpa lugha ngeni iliyochujuka. Kama unakimudu Kiingereza, mpe hicho pia, mradi usimnyime uwezo wa kuongea na nyanya yake.

Nanyi wanafunzi mliokwisha kuvuka utoto, msidhani kwamba mmechelewa. Mlango ungali wazi. Tafuteni wa kuzungumza naye, someni kwa sauti, wala msiione haya lugha mliyonyonya nayo, kwani hiyo ndiyo ngazi ya kuzipandia nyingine zote. Na walio na mamlaka juu ya elimu wana wajibu wa kuhakikisha kwamba sera iliyoandikwa inafuatwa, kwa kuandaa vitabu vya lugha zetu na walimu wa kuvifundisha. Bila ya hayo, tutazidi kulea watoto wasioimudu lugha yoyote, na kisha tuwalaumu wao.