Jalidi ya Mwisho wa Kipupwe na Bustani za Familia



Ndugu wasomaji wa ukurasa huu wa familia, baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa neema ya uhai, juma hili tumeona tuzungumzie jambo linalogusa sufuria na ada za shule za familia nyingi zinazoishi katika nyanda za baridi: jalidi, ambayo wengine huiita sakitu, na namna ya kuikinga isiteketeze mboga na matunda yetu. Tunaliandika tukiwa na deni, kama mtakavyoona.

Alfajiri moja ya mwezi wa Agosti, mwaka juzi, waliotangulia kufika msikitini kwetu, huku mkoani Njombe, walikuta ndoo ya maji ya udhu iliyoachwa nje imefunikwa na utando mwembamba wa barafu. Tulipomaliza kuswali tuliteremka bondeni, kwenye bustani ya vinyungu ambayo kamati yetu ilikuwa imeilima ili mapato yake yasaidie madrasa. Miche 300 ya nyanya, tuliyoihamisha kutoka kitaluni juma lililotangulia, ilikuwa nyeupe lakini imesimama. Tukafarijika. Kufikia saa nne asubuhi yote ilikuwa imelala chini, majani meusi na mororo kama mboga iliyochemshwa.

Hasara yetu ilikuwa nyepesi. Nzito ilikuwa ya jirani yetu wa bondeni, mama mjane mwenye watoto wanne, aliyepanda nyanya na maharage kwa ushauri wetu. Ni sisi tuliomwambia kuwa baridi imekwisha. Ni sisi pia tuliomwambia atandaze nyasi nene ardhini ili mimea yake ipate joto. Alipoteza vyote, wala hakutulaumu. Alisema ni kadari ya Mola. Maneno yake yalikuwa ya kweli, lakini hayakutuondolea wajibu wetu. Mafunzo ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwa yule bedui na ngamia wake yanajulikana na kila mtoto wa madrasa: kwanza kamba, kisha tawakkul. Sisi tulikuwa tumempa mwenzetu kamba mbovu. Basi tulikwenda kwa bwana shamba, tukauliza na kujifunza. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Mchana ardhi hunywa joto la jua. Usiku hulirudisha angani. Yakiwapo mawingu, huwa kama blanketi na kuzuia joto hilo lisipotee lote. Mbingu ikiwa safi, nyota zikimeremeta na upepo ukiwa umetulia, joto hupotea bila kizuizi. Hewa iliyopoa huwa nzito, nayo hutiririka taratibu kutoka milimani kama maji yatiririkavyo, ikatuama mabondeni. Ndiyo maana vinyungu, ambavyo tunavipenda kwa unyevu wake wakati wa kiangazi, ndivyo hupigwa kwanza, ilhali shamba lililo mteremkoni, mita chache juu yake, husalimika. Wakati wa baridi kali zaidi si usiku wa manane bali ni karibu na kuchomoza kwa jua. Mwenye kuamka kwa ajili ya swala ya Alfajiri huiona jalidi kabla ya wengine wote.

Wala msidanganywe na kipimajoto kilichotundikwa ukutani. Usiku wa namna hiyo hewa iliyo karibu na udongo huwa baridi kuliko ile ya kimo cha mtu. Kipimo kinaweza kuonyesha nyuzi tatu juu ya sifuri, na chini majani yakawa yanaganda.

Kwa nini baridi ya mwishoni ndiyo yenye madhara makubwa? Kwa sababu huikuta mimea ikiwa katika hali yake laini kabisa: miche iliyohamishwa karibuni, machipukizi mapya na maua. Hali hii si yetu peke yetu. Nchini Ufaransa, siku za joto za mwezi wa Machi 2021 ziliwahi kuchipusha mizabibu na miti ya matunda. Baridi ya Aprili ikaja nyuma yake, wakulima wakakesha wakiwasha mioto midogo midogo mashambani, na bado hasara ikawa kubwa mno.

Sasa tuje kwenye kinga. Ya kwanza ni kuchagua mahali na mmea. Nyanya, viazi mviringo, maharage, maboga na pilipili havistahimili jalidi. Vipandwe mteremkoni, au visubiri. Kabichi, karoti, vitunguu na sukuma wiki vina ustahimilivu zaidi, hivyo ndivyo vinavyofaa bondeni msimu wa kipupwe. Mparachichi mchanga usipandwe kwenye shimo la bonde. Na kama shamba lina ua mnene upande wa chini, fungueni upenyo ili hewa baridi ipite. Ua uliozibwa huizuia ikatuama juu ya mimea yenu kama maji nyuma ya boma.

Ya pili ni udongo. Tulikosea tulipomshauri jirani yetu atandaze nyasi. Matandazo ni mema kwa kuhifadhi unyevu, lakini usiku wa jalidi huzuia joto la ardhini lisipande kufika kwenye majani. Udongo ulio wazi, usio na magugu, ulioshindiliwa kidogo na wenye unyevu, hubeba joto jingi zaidi mchana na kulitoa usiku. Kwa hiyo yasogezeni matandazo kando, mmwagilie mapema mchana ili jua lipate muda wa kuupasha udongo.

Ya tatu ni kufunika. Kati ya Alasiri na Magharibi, kabla joto la ardhi halijapotea, simamisheni vijiti kuzunguka miche, kisha tandazeni juu yake mashuka makuukuu, khanga zilizochakaa au magunia. Kifuniko kifike chini pande zote, kwa maana kinachokinga ni joto linalotoka ardhini, nacho kazi yake ni kulihifadhi. Kisiguse majani, hasa kikiwa cha nailoni, kwani jani linalogusana nayo huungua. Asubuhi, jua likishapanda na hewa ikipata joto, kiondolewe. Mmea uliofungiwa chini ya nailoni juani huiva.

Ya nne ni maji na moto, na hapa tahadhari inahitajika. Maji yanapoganda hutoa joto, na wenye mitambo ya kunyunyizia hutumia siri hiyo. Lakini aliyeanza kunyunyizia hana budi kuendelea bila kukatiza mpaka barafu iyeyuke asubuhi. Akiishiwa maji katikati ya usiku, mmea hupata baridi kali kuliko kama asingeanza. Kwa familia yenye ndoo mbili, njia hiyo haifai. Ama moshi, wengi wetu tumeurithi kama dawa, lakini hauwi blanketi kama wingu. Kinachosaidia ni joto la mioto midogo mingi iliyotawanywa, nayo huhitaji kuni nyingi na mtu wa kuilinda usiku kucha. Shuka kuukuu ni rahisi na salama zaidi.

Na ikiwa jalidi imekwisha kupiga, msikimbilie kisu. Mparachichi uliokauka majani usikatwe mara moja. Subirini machipukizi yaonyeshe palipo hai na palipokufa. Shina lililobaki bila kivuli lipakwe chokaa ili jua lisilichome. Viazi vilivyoungua majani huweza kuchipua tena kutoka ardhini. Msiwape mimea mbolea nyingi ya kukuzia kwa haraka, kwani machipukizi laini ndiyo chakula cha jalidi ijayo.

Mwaka uliofuata kamati ilimlipa mama yule mbegu zake, tukampelekea na khanga na mashuka yaliyokusanywa na akina mama wa msikitini. Siku moja ya Agosti, mbingu ilipokuwa safi na upepo umetulia, tuliwatuma vijana wa madrasa bondeni baada ya Alasiri. Walifunika miche yake kwanza, kisha ya msikiti. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe. Chini ya khanga miche ilikuwa kijani, isipokuwa safu moja ya pembeni, ambapo upepo wa alfajiri ulifunua kitambaa kisichowekewa mawe. Somo la mawe tumelipata pia.

Basi, ndugu zetu wa Makete, Mufindi na kila palipo na baridi, jioni mbingu ikitakata, tazameni mimea yenu na ya jirani yenu, hasa yule asiye na mkono wa kumsaidia. Fungeni kamba, kisha mtegemeeni Mwenye kuotesha.

Wabillahi tawfiq.